Barua kutoka Houston: Ala ya Mkono wa Kushoto

Mjomba,

Sauti yako ya WhatsApp nimeipata, dakika nne nzima, na robo yake kikohozi. Nenda hospitali, usingoje niseme mara ya pili. Mengine nimeyaelewa. Ile picha ya ndugu yetu Baba Neema amesimama mbele ya duka na bastola kiunoni imefika Tanga kabla mwenyewe hajamaliza zamu, na sasa mama yake halali. Nasikia kuna wanaosema ametajirika, na kuna wanaosema ameingia genge. Amepata kazi ya ulinzi wa silaha, basi. Bastola inakaa nje, mbele ya macho ya watu, kwa sababu sheria ya Texas inamtaka mlinzi wa daraja lake avae sare na silaha yake ionekane. Akiwa kazini na sare yake halafu akaifunika na shati, hapo ndipo angekuwa na la kujibu.

Wewe uliyevaa magwanda ya polisi miaka ishirini na tano unajua bastola. Lakini nina hakika hukuwahi kumwona mtu akihangaika na ala ya bastola kuliko bastola yenyewe. Nyinyi mlipewa ule mfuko wa ngozi wenye kifuniko na kifungo cha shaba, mkasaini kwenye daftari la bohari, mambo yakaisha. Huku mtu anachagua mwenyewe, na mimi ndiye niliyemsindikiza Baba Neema kwenda kuchagua.

Kwanza nikueleze mahali tulipo. Texas ya kwenye sinema, kila mtu na bastola yake pajani, si Texas ya kwenye vitabu vya sheria. Tangu mwaka 1871 ilikuwa marufuku raia kutembea mjini na bastola, na marufuku hiyo ilidumu zaidi ya karne. Leseni za kubeba kwa kuficha zilikuja miaka ya 1990. Kubeba waziwazi kuliruhusiwa Januari 1, 2016, kwa mwenye leseni tu, tena bastola iwe kwenye ala ya mkanda au ya begani. Kisha Septemba 1, 2021 leseni nayo ikaondolewa: mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria anaruhusiwa kubeba. Sharti moja likabaki, kwamba bastola ikionekana lazima iwe ndani ya ala. Ukiishika mkononi au ukiichomeka kwenye suruali ikachungulia, umevunja sheria. Yaani serikali haikuulizi leseni, inakuuliza ala! Na ala yenyewe ni ya namna gani, sheria haisemi. Hilo wamemwachia mwenye kiuno.

Baba Neema sheria hiyo ya raia haimhusu sana, yeye ana masharti ya kazi. Alisoma kozi, akafanya mtihani wa shabaha, alama za vidole zikachukuliwa. Ana hati ya ukaazi wa kudumu, ile grini kadi. Nalisema hili kwa ajili ya vijana wanaokuja kusoma, maana binamu yangu mmoja ameanza kuniuliza bei: mwenye viza ya mwanafunzi au ya matembezi, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki silaha, isipokuwa mambo machache kama kuwa na leseni ya uwindaji. Na kudanganya kwenye fomu ya kununulia ni kosa la jinai. Mtu anafungwa, kisha anarudishwa kwao.

Basi twende dukani. Liko kando ya barabara kuu, kushoto wanauza matairi, kulia maandazi yao yale yenye tundu katikati. Ndani ukuta mzima umening'inizwa ala tupu, za ngozi, za nailoni, za plastiki ngumu. Muuzaji ni mzee wa ndevu nyeupe aliyewahi kuwa askari. Baba Neema alikwenda moja kwa moja kwenye ala ya ngozi ya kahawia iliyochongwa maua, akaipitishia kidole, akaitazama kama mtu anayetazama kanzu ya harusi. Mzee akamwacha amalize. Kisha akamuuliza: bastola yako ni ipi, umeifunga tochi, na kwa siku unakaa ndani ya gari muda gani?

Maswali hayo yaliondoa nusu ya ukuta. Ala nzuri hufinyangwa kwa bastola ya aina moja. Iliyotengenezewa bastola ya Glock haitashika nyingine sawasawa, na ukiongeza tochi chini ya mtutu, umebadili umbo na ala ya zamani haikufai tena. Anayekaa garini sana anahitaji ala inayoshuka kidogo chini ya mkanda, la sivyo mpini unamchoma mbavu na mkanda wa gari unaufunika.

Ngozi ya maua ikaondolewa kwa sababu nyingine. Joto la Houston unalijua kwa kusikia tu, Mjomba. Agosti hapa ni kama mtu anapumulia shingoni mwako. Ngozi inayolowa jasho kila siku hulainika, na mdomo wa ala ukishalegea hujikunja kwa ndani. Siku unairudisha bastola bila kutazama, lile kunyanzi la ngozi linaingia mbele ya kifyatulio, unasukuma, na risasi inakwenda mguuni. Glock haina kitufe cha pembeni cha kuizuia kama bastola nyingi za zamani. Ikiwa kiunoni, kinachokaa kati ya kifyatulio na ajali ni ala. Kwa hiyo ala lazima ikifunike kifyatulio chote, na mdomo wake ubaki wazi hata bastola ikiwa nje. Ndiyo maana wengi wamehamia kwenye Kydex, plastiki inayopashwa moto na kufinyangwa hadi ikaishika bastola kama ganda la kobe. Ukiichomeka unasikia: ta!

Kisha mzee akanigeukia mimi. Akaleta bastola za kufundishia, za plastiki ya buluu, hazina tundu wala risasi. Akamvalisha Baba Neema ala ya nailoni ya dola ishirini, akaniambia nisimame nyuma yake na kumnyang'anya. Nikavuta. Ilitoka kama muhogo uliolowa mvua. Baba Neema hakuwa hata amegeuka. Akamvalisha nyingine, ya plastiki yenye upinde unaokaa juu ya bastola na kufuli ndogo iliyojificha ndani. Nikavuta kwa mkono mmoja, kwa miwili, nikaweka na goti. Suruali ya Baba Neema ilipanda mpaka akalia, bastola haikutoka.

Hapo ndipo nilipoielewa ile safari yote. Mimi nilidhani ala ya bastola inatafutwa kwa ajili ya kuchomoa haraka, kama kwenye sinema; kumbe ni kwa kuzuia isinyang'anywe. Anayeficha bastola yake analindwa na shati, maana hakuna anayejua anayo. Aliyeiweka nje amewatangazia wote, mlevi, mwizi, mtoto mtundu, na kila mtu anajua iko upande gani. Jamaa mmoja aitwaye Bill Rogers, aliyekuwa wakala wa FBI, alilishughulikia jambo hili tangu miaka ya 1970, na kipimo alichokianzisha ndicho kinachotumika. Bastola inavutwa kwa sekunde tano. Ikibaki, ala imepata daraja la kwanza. Kizuizi kimoja kinafunguliwa, inavutwa tena. Ikibaki, daraja la pili, na kuendelea. Walinzi na polisi wengi wanavaa la pili au la tatu. Mwenyewe anaifungua kwa dole gumba: unasukuma upinde uende mbele, unabonyeza kufuli, unachomoa. Kwa aliyezoea ni tendo moja. Baba Neema bado anazoea. Nimemkuta sebuleni na bastola ya buluu ya kufundishia, anachomoa na kurudisha, anachomoa na kurudisha, mkewe pembeni anachambua mchele na kuhesabu kwa kejeli.

Tatizo likaja mwisho. Baba Neema ni wa mkono wa kushoto, unakumbuka bibi alivyomchapa kwa kula nao. Ala zote za ukutani zilikuwa za kulia. Ya kushoto ikabidi iagizwe, zaidi ya dola mia na hamsini, pamoja na mkanda mpana wa inchi mbili na robo, maana ala imara kwenye mkanda laini inayumba na kuinama, haina maana. Akaniambia kwa unyonge, "Hata huku wananichapa."

Nimejikuta nakumbuka ala za kwetu. Sime ya Mmasai inakaa kiunoni waziwazi kwenye ala yake ya ngozi nyekundu, anapanda nayo daladala, na hakuna anayeshtuka. Jambia la Waomani lina ala ya fedha iliyopindwa, na hata kwenye bendera yao limechorwa likiwa ndani ya ala. Mzee wa Kiomani na jambia lake anaingia harusini. Bastola wazi haijapata heshima hiyo hata huku Texas. Milangoni kuna mabango ya Kiingereza na Kihispania, herufi za inchi moja, yanayokataza kuingia nayo wazi. Baa zina bango jekundu la 51%, maana yake zaidi ya nusu ya mapato yake ni pombe, usiingie na bastola. Walmart iliwaomba wateja wasiingie nazo waziwazi mwaka 2019, baada ya watu kuuawa dukani mwake kule El Paso.

Na sisi weusi tuna hesabu yetu. Julai 2016, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa barabarani, akamwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha, na alikuwa na kibali. Akapigwa risasi akiwa kwenye kiti chake, akafa. Askari aliachiwa na mahakama mwaka uliofuata. Kwa hiyo ukiniuliza, raia wa rangi yetu kuning'iniza bastola kwenda kununua maziwa, hata kama sheria inaruhusu, mimi namwona anajitafutia. Baba Neema naye haivai nje ya kazi. Anavua sare, ndipo anarudi nyumbani.

Ala ya kushoto ilifika baada ya wiki tatu. Siku hizi akitoka zamu bastola inafungiwa kwenye kasha la chuma, ufunguo kwa mama Neema, na ala inaning'inia tupu nyuma ya mlango wa chumbani. Mwambie mama yake Baba Neema hivyo, alale. Na ile picha, Mjomba, mwombe kila aliyeisambaza aifute. Nimeitazama tena jana: ile ni ala ya kuazima, ya mkono wa kulia.