Matangi Matatu ya Kwanza

Wasee, wiki iliyopita mlinijazia inbox. "Mbona hiyo pawasoo hatuiskii ikinguruma?" Mmoja akaandika ati video yangu inakaa ya mtu anakata kucha. Sawa, nilicheka. Lakini acha niwaambie kwa nini ilikuwa kimya hivyo, na kwa nini singeipigisha kelele hata mngenitumia pesa.

Ushago kwetu ni Kinangop. Kwa ukuta wa stoo ya Guka kuna msumari, na kwa huo msumari kumeangikwa pawasoo ya kwanza, ile tulinunua na kazo wangu mwaka jana. Ilifanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi kitu saa tano na nusu. Basi. Tulikuwa tumeiwekea petroli tupu, vile unaweka kwa bodaboda, halafu tukaipiga resi hadi mwisho ikiwa hewani, haigusi mti wowote, ndiyo nirekodi sauti. Ilitoa mlio mwembamba, ikazima, na ile kamba ya kuiwasha haijavutika tena hadi leo. Fundi aliifungua akatuonyesha pistoni, imekwaruzika kama sufuria iliyosuguliwa na mchanga. Akairudisha kwa gunia na hakutuitisha hata shilingi. Ukiona fundi amekataa pesa, jua hapo hakuna kitu.

Hii mpya ni Sh14,500. Zangu ni Sh8,500. Hizo Sh6,000 zingine ni za Guka, pesa ya waru. Kuhusu ile ya kwanza hajawahi kunigombeza, na heri angenigombeza. Alinipa noti zimekunjwa akasema tu, "Hii sasa uisome kwanza."

Nikaisoma. Kile kitabu kidogo cha ndani ya katoni, ambacho sisi wote hutumia kufunika vitu, nikakisoma chote. Na hapo ndipo nilielewa tuliua ile nyingine mara mbili kwa siku moja.

Kwanza ni mafuta. Injini ya pawasoo haina mahali pake pa kuwekewa oil kama gari. Oil yake huingia pamoja na petroli, na ndiyo hulainisha pistoni ikipanda na kushuka. Ukiweka petroli tupu, ni chuma juu ya chuma. Kitabu changu kinasema 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oil ya two-stroke kwa kila lita ya petroli. Kuna mashine zingine ni 50 kwa 1, mililita 20 kwa lita, kwa hivyo usiniigize, soma ya kwako. Mimi nilipima na sirinji ya chemist, nikachanganya kwa mtungi kando, nikautikisa ndiyo nikamimina. Kazo aliniuliza kama natengenezea mtoto maziwa.

Ya pili ni hiyo resi. Mashine ikiwa mpya, zile ringi za pistoni na ukuta wa silinda bado hazijazoeana. Ukizigusa kwa mkono unaona ni laini, lakini bado kuna vimikwaruzo vidogo vidogo ambavyo lazima visuguane pole pole hadi vikae. Ukikamua resi yote bila mti wa kuizuia, injini inazunguka kasi kupita kiasi na joto linapanda kabla hizo chuma hazijawa tayari. Matangi matatu ya kwanza, hakuna resi ya mwisho hewani. Na pia usiiache tu inguruma chini bure ukidhani unaihurumia. Inataka kazi ndogo ndogo: matawi, magogo membamba, unakata, unaachilia, unapumzika kidogo, unakata tena. Najua kuna mafundi watakuambia hizi za siku hizi hazihitaji hayo mambo. Sawa, wao hawana msumari kwa ukuta wao.

Sasa cheki shida yangu. Kelele hewani ndiyo hasa hupendeza kwa video, na kwa hii mashine ndiyo kitu hairuhusiwi. Kwa hivyo mkapata video ya kukata kucha.

Cheni nayo ina drama yake. Cheni mpya hurefuka. Tangi la kwanza nilisimama kuikaza mara nne, nimezima injini, glavu mkononi, nikiivuta nione kama inateleza vizuri na kama meno ya chini yamebaki ndani ya mfereji. Ukiikaza ikiwa moto, uilegeze ukimaliza kazi, kwa sababu ikipoa inajikunja na kubana. Jirani mmoja akashauri niweke oil chafu ya gari kwa cheni, ati ni ya bure. Nilikataa. Niliweka oil ya cheni, halafu nikaielekezea ncha kwa kisiki cheupe nikapiga resi kidogo hadi nikaona kamstari ka oil. Hapo unajua inanyonya.

Siku ya pili, nikiwa tangi moja na nusu, akakuja mzee wa pale juu. Anataka mkaratusi wa mpakani uangushwe leo leo, Sh4,000 mkononi. Ni mti hata tukiwa wawili hatuwezi kuukumbatia. Upanga wa mashine yangu ni inchi 18. Hiyo ingekuwa kuikamua saa nzima bila kupumua, na mimi mwenyewe sijawahi kuangusha mti wa hivyo.

Nikamwambia, "Mzee, nipe siku mbili, na nitakuja na mtu anayejua."

Akaangalia mashine, akaangalia gambuti zangu. "Kwani umeinunua ya kupiga picha?"

Guka alikuwa hapo anapanga kuni na hakusema kitu. Mzee akaenda, na jioni nikasikia pawasoo ya mtu mwingine ikilia huko juu. Manze, iliniuma. Kodi yangu Nairobi ni Sh6,500 na hiyo ilikuwa zaidi ya nusu. Pengine mashine ingevumilia, nani ajuaye. Usiku nilipiga hesabu ya hiyo pesa hadi nikalala.

Tangi la tatu liliisha Ijumaa. Nilikaza tena nati zote, nikangoja injini ipoe, nikafungua plagi. Ikiwa nyeusi na imelowa, ni oil imezidi au mchanganyiko ni mzito. Ikiwa nyeupe kavu, injini inapata joto kupita kiasi. Yangu ilikuwa kahawia, karibu rangi ya chai ya maziwa. Nikampelekea Guka. Akaivalia miwani, akaigeuza geuza, akanirudishia.

"Haya, sasa ikate mti."

Nikaegesha simu juu ya ndoo, nikavaa miwani na vizuia masikio, nikaingia kwa gogo la saiprasi lililokuwa nyuma ya boma. Mbwa alitoroka. Ndiyo hiyo video ya jana, na ile kelele mlikuwa mnaniitisha iko sekunde ya tisa.