MAJI YANAENDA WAPI?

Somo: Yeremia 2:13, Mathayo 5:23-24

Leo sianzii mimbarini, naanzia kwenye boneti ya gari.

Kama ulipita Kenyatta Market Jumamosi ile mchana, ukaona mtu mzima amevaa suti, amesimama kando ya gari linalotoa mvuke kama sufuria ya githeri, jua kwamba yule alikuwa mchungaji wako. Nilikuwa natoka upande wa Langata kwa Barabara ya Mbagathi, nimechelewa kwenye kikao cha arusi. Foleni haikusonga. Mshale wa joto ukapanda, ukapanda, ukagusa alama nyekundu. Nilifika karibu na soko, nikazima injini na kusukumwa na vijana hadi kando.

Gari lenyewe unalijua. Ni ile Toyota Corolla ya 1998, ambayo mafundi wanaiita 110. Sheria yetu hairuhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka minane, kwa hiyo gari kama hili limezunguka barabara za Kenya kwa miaka mingi na kupita mikono mingi. Ukilinunua, unanunua pia kazi ya kila fundi aliyewahi kuligusa, nzuri na mbaya.

Sasa nikuambie ukweli. Gari hilo halikunishtukiza. Kwa miezi saba nilikuwa naongeza maji kila asubuhi. Kwenye buti nilikuwa na jerikeni ya lita tano karibu na mkoba wa Biblia. Mke wangu alizoea, watoto walizoea. Kuongeza maji kulikuwa kama kupiga mswaki. Nusu lita, funga, twende.

Pale sokoni nilipata madaktari wengi. Wewe unawajua watu wetu, hawamwachi mtu barabarani. Akina dada wasusi waliacha vichwa vya wateja vikiwa nusu wakaniletea maji kwenye ndoo. Mwuza nyama akaja na kisu mkononi akasema, "Pasta, hiyo ni gasketi ya silinda hedi." Kijana mwingine akasema ni pampu. Wa tatu akasema nitoe themostati niitupe. Mimi nikashika kitambaa nifungue kifuniko cha rejeta, ndipo mzee mmoja akanishika mkono kwa nguvu. "Pasta, unataka kuhubiri kesho bila uso?"

Mzee yule aliniokoa. Usifungue rejeta ya moto hata siku moja. Maji yaliyo ndani yamebanwa na presha. Ukifungua, yanalipuka juu na kukuchoma uso na mikono. Na usimwage maji baridi kwenye injini iliyochemka, chuma kinaweza kupasuka. Zima, kaa, ngoja ipoe hadi uweze kuishika. Tulingoja karibu saa nzima. Kikao cha arusi kiliendelea bila mimi, na arusi itakuwepo.

Fundi mmoja alinipa bei ya kufungua injini na kunyoosha silinda hedi: shilingi elfu thelathini na tano. Nilirudi nyumbani nikiwaza kuuza gari kwa bei ya kutupa.

Jumapili jioni nilikuwa nalalamika mezani. Kijana wangu, yuko kidato cha tatu, akaweka kijiko chini akauliza, "Baba, kila asubuhi tunaongeza maji. Yanaenda wapi?"

Mpendwa, nilinyamaza. Miezi saba, na mimi mtu wa kusoma Kigiriki, sikuwahi kuuliza swali hilo. Nilijua kuongeza. Sikujua kuuliza.

Jumatatu ni siku yangu ya mapumziko. Tulivaa nguo za shamba, mimi na kijana, tukaanza kazi pale tunapoegesha, chini ya ploti. Naandika hatua zetu kwa sababu wengi wenu mna magari ya umri huu, na pesa ni ngumu.

Kwanza tulitandika kadibodi kubwa chini ya injini usiku kucha. Asubuhi ilikuwa kavu kabisa. Hakuna tone. Nikasema, "Unaona? Halivuji." Kijana akasema, "Baba, bado."

Pili tuliangalia kama maji yanaingia ndani ya injini. Tulivuta kijiti cha oili, tukafungua na kifuniko cha oili. Kama maji yamechanganyika na oili, utaona utando kama chai ya maziwa. Yetu ilikuwa safi. Tukawasha gari na kuangalia ekzosi: moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni dalili ya gasketi iliyoungua. Hatukuuona. Injini ikiwa bado baridi na rejeta wazi, tulitazama kama kuna mapovu yanayopanda mfululizo. Hakuna. Kwa hiyo ile elfu thelathini na tano ingetibu ugonjwa ambao gari halikuwa nao.

Tatu, tulifunga kila kitu, tukaacha injini ipate moto kabisa, kisha tukaizima na kutafuta kwa tochi. Mbele, hakuna kitu. Pembeni, hakuna kitu. Ndipo kijana akaenda ndani akarudi na kioo cha mama yake cha kujipodoa. Akakiingiza nyuma ya injini, mahali ambapo jicho halifiki, pale mipira ya maji inapoelekea kwenye hita. Akasema, "Baba, njoo uone."

Kulikuwa na mstari wa rangi ya kutu na chumvi nyeupe ukishuka kutoka kwenye mpira mmoja mdogo. Mpira ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Gari likiwa baridi, ufa unajifunga. Injini ikipata moto na presha ikipanda, ufa unafunguka, maji yanatoka kidogo kidogo yakianguka juu ya chuma cha moto, na yanakauka kabla hayajafika chini. Ndiyo maana kadibodi ilikuwa kavu. Gari langu lilikuwa linavuja kila siku BILA KUACHA DIMBWI.

Tulipata na jambo la pili. Kila nikiwa barabara wazi, mshale ulikuwa chini mno, karibu na baridi, nami nilikuwa namshukuru Mungu. Tulipofungua kasha la themostati, tulikuta tupu. Fundi fulani wa zamani aliitoa. Themostati ni mlango mdogo unaozuia maji mpaka injini ifikie joto lake la kazi, kisha unafunguka. Ukiutoa, mshale unatulia barabarani na mwenye gari anadhani amepona, kumbe dalili ndiyo imefichwa.

Tulimwaga maji, tukalegeza klipu kwa koleo, tukautoa mpira. Ulikuwa mgumu kama biskuti. Nikapanda matatu hadi Kirinyaga Road, ile wazee wanaita Grogan, nikiwa nao kwenye mfuko wa karatasi. Hilo ni la muhimu: usiende kununua spea kwa maneno, beba ile ya zamani, linganisha unene na mkunjo. Mpira mpya, klipu mbili, themostati na gasketi yake, na kulanti badala ya maji matupu ya bomba, maana maji matupu ndiyo yaliyoleta ile kutu. Vyote havikufika shilingi elfu tano. Tulifunga, tukajaza taratibu injini ikiwa baridi na hita ikiwa imefunguliwa, tukaacha hewa itoke, tukafunga kifuniko na kungoja feni iwake yenyewe. Ilipowaka, kijana alinipiga bega kama mwenzake. Nilimruhusu.

Wiki nzima sasa tunaangalia kila asubuhi. Kiasi ni kilekile.

Sasa nisikilize, maana sikuandika haya nikufanye fundi.

Shuleni tulifundishwa kwamba maji huchemka nyuzi 100. Hiyo ni kwa watu wa Mombasa, usawa wa bahari. Nairobi tuko juu, zaidi ya mita 1,600, na hapa maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95. Lakini rejeta iliyo nzima imefungwa. Presha inapanda ndani yake, na kwa sababu hiyohiyo maji yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Umeelewa? Presha si adui wa injini. Injini nzima inabeba presha nayo haichemki. Ni injini inayovuja ndiyo haiwezi kubeba presha, nayo inachemka mapema.

UNACHEMKA MAPEMA KWA SABABU UNAVUJA.

Jumapili hiyohiyo, kabla ya swali la kijana, nilikuwa nimemfokea mvulana wa vyombo vya sauti mbele ya watu kwa sababu ya kipaza sauti. Machozi yalimlengalenga. Kwenye gari la jirani aliyetupa lifti, mke wangu aliniambia polepole, "Baba, siku hizi unachemka haraka." Nilimjibu kwamba ni presha ya huduma. Niliongeza maji: Jumatatu nitafunga, Jumatano nitakesha, nitakuwa sawa.

Nikiwa nimeinama na kile kioo mkononi, Roho Mtakatifu aliniuliza kwa sauti ya mwanangu: yanaenda wapi?

Unafunga na kuomba, na kufikia Alhamisi umekauka. Yanaenda wapi? Unahubiri, watu wanabarikiwa, wewe unarudi nyumbani mkali. Yanaenda wapi?

Nilijua. Kuna mdogo wangu wa tumbo moja. Tulikosana baada ya kumzika baba, kwa sababu ya bili ya hospitali na pesa za mchango. Mimi nilisema alificha, yeye akasema najionyesha. Miaka mitatu hatukuongea. Hapakuwa na dimbwi. Hakuna mshirika aliyejua. Ningehubiri msamaha nawe ungesema amina. Moyo ukiwa baridi, ufa unajifunga. Presha ikija, unafunguka, na anayechomeka ni mvulana wa vyombo.

Katika Yeremia sura ya pili, Mungu analalamika juu ya watu walioiacha chemchemi wakajichimbia mabirika yenye nyufa. Ona, shida ya birika lenye ufa haimalizwi na mvua. Mvua inanyesha, linavuja. Na Bwana wetu katika Mathayo 5 anamwambia mtu aliyeshika sadaka, tayari yuko madhabahuni, aiweke chini kwanza, aende akapatane na ndugu yake. Hakumwambia aongeze sadaka. Alimtuma kwenye ufa.

Jumatatu jioni, mikono bado ina oili, nilimpigia. Simu iliita mpaka ikakata. Jumanne nikapiga tena. Akashika akasema, "Hallo, nani mwenzangu?" Alikuwa amefuta namba yangu. Nikasema, "Ni mimi, kaka yako." Akanyamaza. Kisha akauliza kwa hofu, "Nani amekufa?"

Mpendwa, niliketi chini. Ndugu yangu alijua kwamba ni kifo tu kingeweza kunifanya nimpigie.

Nikamwambia hakuna aliyekufa, nimepiga kuomba msamaha. Sitakudanganya kwamba tulilia na kukumbatiana kwa simu. Alisema, "Sawa, nimesikia." Tuliongea dakika nne, zaidi kuhusu mvua na ng'ombe wa mama. Bado kuna hesabu ya kukaa chini na kuifungua. Lakini mpira wa zamani umetoka. Na Jumatano nilimtafuta yule mvulana wa vyombo, nikamwomba msamaha mbele ya walewale waliosikia nikimfokea.

Sasa wewe. Sikukatazi kuongeza maji. Omba, funga, njoo kesha. Lakini nakusihi uulize yanaenda wapi. Usikubali bei ya gasketi kabla ya kuangalia mpira. Si kila ukavu ni laana ya ukoo au mkono wa mchawi. Usimshukuru Mungu kwa mshale uliotulia kama unajua ulitoa nini ili utulie. Na kama hapaonekani kwa macho yako, omba kioo. Mpe ruhusa mke wako, mume wako, hata mtoto wako, akuonyeshe nyuma ya injini. Na kama ni moto bado, ngoja upoe kwanza. Mazungumzo mengi ya kupatana yameharibika kwa sababu mtu alifungua kifuniko kabla ya wakati.

Tuombe:

Baba, nimezoea kuongeza bila kuuliza. Nionyeshe mahali ninapovuja, hata pale ambapo hapaachi dimbwi. Nipe unyenyekevu wa kushika kioo, na ujasiri wa kupiga simu. Nifanye mzima, nibebe presha ya maisha bila kuwachoma walio karibu nami. Katika jina la Yesu, amina.

Kama kuna jina limekujia ukisoma, usiandike amina hapa kwanza. Piga simu, kisha urudi uandike.

Nakupenda. Tuonane Jumapili. Nitakuja na gari, Mungu akipenda, na buti halina jerikeni.

Mchungaji wako