Sumaku na Thamani

Mlowo ni mji wa barabara kuu iendayo Tunduma, mbali na bahari. Mtu aliyekulia huko katika biashara ya vyuma chakavu hujifunza mapema kazi ya sumaku. Kinachonaswa ni chuma, na bei yake ni ndogo. Kisichonaswa huenda kikawa shaba au alumini, nacho hutengwa na kupimwa kwa uangalifu. Mtu wa namna hiyo alihamia Unguja, na siku alipomwona mgeni akipitisha chombo cha kutambulia metali juu ya mchanga wa ufukwe, hakustaajabu. Aliiona sumaku ya Mlowo, ila hii ilikuwa na sauti.

Chombo hicho hupeleka mchangani nguvu ya sumaku inayobadilika-badilika. Metali iliyofukiwa huzalisha mkondo wa umeme, na chombo huusikiliza. Fedha na shaba hujibu kwa mlio mwembamba, msumari kwa mlio mzito. Ugumu umo katikati, kwa kuwa kifunguo cha kopo la soda hulia karibu sawa na pete nyembamba ya dhahabu, na mchanga uliolowa maji ya chumvi huongeza kelele zake. Aliyechoshwa na takataka hukiamuru chombo kikinyamazie chuma. Lakini sarafu ya shilingi 500, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ni chuma kilichovishwa nikeli. Huweza kupitwa pamoja na misumari.

Mtu wa Mlowo aliyaelewa hayo kwa mfano wa kwao. Katika wilaya ile ile ya Mbozi kipo kimondo kilichoanguka kutoka angani, chenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Takriban sehemu tisa katika kumi zake ni chuma. Kwa hukumu ya sumaku, mahali pake ni kwenye lundo la bei ya chini.

Shaba nayo ina msiba wake. Sarafu ndogo za masultani wa Kilwa ni za shaba, na maandishi yake ya Kiarabu yana vina: upande mmoja huitikia wa pili, mfano wa ubeti. Kwenye mizani ya chakavu ubeti huo hauna uzito. Huyeyushwa pamoja na nyaya. Hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, yenye sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha, ilipatikana mwaka 1984. Imewafundisha wengi historia ya visiwa hivi kwa kuwa wataalamu waliandika ilipolala na vilivyokuwa kando yake. Sarafu iliyong'olewa kimyakimya na kutiwa mfukoni hubaki na jina la sultani tu. Habari za nyumba, kaburi au jahazi ilimotoka zimekwisha kupotea.

Kwa hiyo alipoulizwa na vijana wa ufukweni namna ya kutofautisha sarafu na takataka, aliwaeleza milio yote aliyoijua. Kisha akawaambia kwamba wakikuta chenye maandishi ya kale wasikisugue wala wasikihamishe, bali wawaite watu wa mambo ya kale wakione pale pale kilipo.