Siti au Brunel?

Wiki hii niko njia panda. Jumamosi naenda Msimbu, kule Kisarawe, kwa baba mdogo, na nimeahidi kumpelekea mdogo wangu kitabu. Kimoja tu, bei ya vitabu mnaijua wenyewe. Binti anaingia kidato cha tatu. Yeye anachora mpaka kwenye majalada ya madaftari. Baba yake keshaamua, ni uinjinia basi. Kwa hiyo kitabu nitakachobeba kitahesabiwa kuwa kura yangu.

Muuza vitabu vya mitumba pale Posta ameniwekea viwili, na vyote nilishavisoma vya kuazima. Kimoja ni Wasifu wa Siti binti Saad, wa Shaaban Robert. Kingine ni cha L.T.C. Rolt, kilichotoka 1957, juu ya Isambard Kingdom Brunel, injinia wa reli ya London kwenda Bristol.

Huyu Brunel ananichekesha kweli. Mwaka 1843 alikuwa akiwafanyia watoto kiinimacho, sarafu ya dhahabu ikamteleza kooni na kukwama kwenye njia ya hewa. Madaktari wakashindwa. Yeye akabuni ubao, akafungwa juu yake na kupinduliwa kichwa chini, sarafu ikatoka. Injinia hasa! Na kuchora alifundishwa na baba yake tangu mdogo. Hilo baba mdogo angepaswa kulisikia.

Halafu kuna Siti. Alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, akiitwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza mjini. Shule hakusoma. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, kwa Kiswahili! Anayesema msanii ni mtu asiye na kazi amwambie hayo mwanamke aliyetembea na vyungu kichwani toka Fumba.

Na mainjinia wetu je? Patrick Mfugale kapewa daraja zima la juu pale Tazara, lilizinduliwa 2018, nami hupita juu yake. Kitabu cha maisha yake sijakikuta dukani. Ningekikuta, leo ningekuwa na shughuli pevu.

Nabeba Siti. Binti atamsoma bila kamusi, na Fumba haiko mbali sana na Msimbu kwa namna watu wanavyoishi. Brunel atafuata likizo ya Desemba, senti zikiruhusu. Baba mdogo akiguna kwamba nimemletea mtoto mambo ya taarabu, nitamwomba akisome yeye kwanza, ndipo tuongee.