RAM Ilipojifanya Diski

Mzee aliyenifundisha ufundi wa kompyuta hapa Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1990, hakuruhusu kompyuta yenye RAM ya 4MB itoke dukani kabla hajaongeza mstari mmoja kwenye faili la CONFIG.SYS. Mstari huo uliita RAMDRIVE.SYS. Kompyuta ikiwashwa upya inakuwa na diski moja zaidi, ambayo hata ukifungua kasha huioni. Tulinakili humo kamusi ya kukagua tahajia kutoka kwenye flopi, na kazi iliyokuwa ikikwaruza muda mrefu ikaisha kabla hujakohoa. Umeme ukikatika, diski nayo imekwenda. Kwa umeme wetu ule, nani angeweka humo barua ya mteja?

Mwaka 2005 Gigabyte ya Taiwan ikaonyesha i-RAM kwenye maonyesho ya Computex, Taipei. Sikuwahi kuishika, tuliisoma jaridani, tukipokezana. Ilikuwa kadi yenye nafasi nne za RAM za DDR, mwisho 4GB. Kwenye sloti ya PCI ilifuata umeme tu. Data zilipita kwenye waya wa SATA, kwa hiyo kompyuta iliiona kama diski ya kawaida, na Windows ikakubali kukaa humo. Ila waya huo ulikomea 150MB kwa sekunde, wakati RAM moja ya DDR400 huweza kupitisha 3,200MB! Hata hivyo diski za kuzunguka hazikuiweza, maana hapakuwa na sahani ya kusubiriwa izunguke.

Jirani yetu wa studio ya video za harusi aliitamani. Tatizo, saa moja ya mkanda wa DV hula kama 13GB. Kwa 4GB, bibi harusi angekuwa bado anashuka garini. Halafu betri: ukichomoa umeme, ililinda data kwa saa kama 16. Mwaka 2006 ukaja mgao, mabwawa yamekauka. Duka likifungwa Jumamosi mchana na swichi kuu kuzimwa, mpaka Jumatatu asubuhi ni zaidi ya saa 40. Mzee alipiga hesabu hiyo kwa kidole kwenye vumbi la kaunta, akalifunga jarida.

Mwaka 2008 Intel ikatoa X25-M ya 80GB kwa dola 595. Hiyo ni flashi, haihitaji betri kukumbuka. Kwangu, hadithi ya kadi za RAM iliishia hapo. Leo diski nzuri ya NVMe husoma 7,000MB kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya ile DDR400, ingawa kwa wepesi wa kuitika RAM bado haijapata mpinzani.

Mbinu ya mzee ingali hai: Linux inayo, inaitwa tmpfs. Kama una RAM ya kumwaga, weka humo mafaili ya muda. Hesabu za duka ziache kwenye diski.