Njia ya Fargo, Mwezi wa Januari

Kabla hatujatoka Minneapolis, shemeji alifungua buti akakagua vitu vyake: mablanketi ya sufu, koleo, mfuko wa mchanga, tochi, nyaya za kuamshia betri, maji, karanga na kitambaa chekundu. Kisha akajaza tangi. Msimu wa baridi haruhusu mshale ushuke chini ya nusu, maana gari likikwama, injini ndiyo jiko. Nje ilikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri, na mbele yetu kama kilomita 380 za barabara ya I-94.

Tulipopita Fergus Falls miti ilipungua na ardhi ikawa tambarare. Upepo ukaanza kufagia theluji iliyoanguka siku zilizopita. Juu mbingu ilikuwa ya buluu, jua linawaka; chini barabara haionekani. Shemeji hakubishana na upepo. Alichepuka kwenye kituo cha mafuta, akampigia dada aliyetusubiri Fargo: tumesimama hapa, tusiposikika hadi jua kutua piga 911.

"Shem, ukikwama peke yako, usitoke garini," aliniambia. "Watu hufuata taa wakidhani iko karibu." Akaendelea: washa injini dakika 10 kila saa, lakini kwanza fukua theluji kwenye ekzosi, hewa yake ya sumu isirudi ndani, na ufungue dirisha kidogo upande usio na upepo. Funga kitambaa chekundu kwenye antena.

Habari ya ekzosi ilinigusa, kwa kuwa kwetu tunaijua: jiko la mkaa huingizwa chumbani usiku wa baridi, na asubuhi watu hawaamki. Februari 2021 umeme ulipokatika Texas, familia ziliwasha mkaa ndani na magari gerejini, na hewa ileile isiyo na harufu ikaua. Wageni wanaotoka kwetu waambiwe hili siku wanayoshuka uwanja wa ndege, kabla hata ya kupewa koti.

Tukiwa bado kituoni, kijana mmoja aliingia akisugua masikio yaliyopauka. Shemeji alimshika mkono: "Usisugue, mdogo wangu, utachubua nyama iliyoganda. Yafunike kwa viganja."

Magari ya kukwangua theluji yalipopita, tukayafuata polepole hadi Moorhead, tukavuka Mto Red na kuingia Fargo. Dada alikuwa bado ameshika simu.