Singo ya Gari ya Baba



Msimu wa harusi umeingia na maswali ni yale yale: ukumbi, mapambo, mpiga picha, na gari ya kumpelekea bi harusi. Leo nataka tuzungumze hilo la gari. Sikodishi magari wala siuzi dawa za kuyasafishia. Nina kisa cha nyumbani kwetu, na ndani yake mna kazi ya mikono ambayo mwanamke yeyote anaweza kuifanya uani kwake.

Mdogo wangu aliolewa mwaka jana. Baba yetu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki miaka miwili kabla, Allah amrehemu. Nyumba tunayokaa ni ya mama. Cha baba kilichobaki ni Toyota Corolla nyeupe, aliyoinunua ikiwa imeshatumika Japan kama gari nyingi za hapa kwetu. Tangu mdogo wangu yuko skuli baba alikuwa akimtania: "Wewe nitakupeleka mwenyewe kwa mumeo, na honi nitapiga mpaka mtaa mzima ujue."

Baada ya msiba gari ilikaa chini ya mwembe, haiguswi. Kaka yetu mkubwa alisema mara tatu kwamba iuzwe, kila mrithi apewe haki yake. Mara tatu nilimjibu vibaya. Nilimwambia machozi ya mama hayajakauka na yeye ameshaanza kuhesabu pesa. Mara ya tatu alinyamaza, na tangu siku hiyo tukabaki na salamu tu. Anaingia, "Assalaamu alaykum," anakaa na mama, anaondoka.

Harusi ilipokaribia, kaka akasema atakodi gari kubwa, nyeupe, ya kisasa. Pesa hakuwa nazo, angekopa. Mama hakusema kitu. Bi harusi ndiye aliyesema: "Mimi nataka gari ya baba."

Fundi alikuja akatia betri mpya, akabadilisha oili, ikawaka. Lakini sura yake, subhanallah! Niliiosha mara mbili na bado ilikuwa imefifia. Ukipitisha mkono kwenye boneti ni kama unashika msasa. Kulikuwa na vidoa vidogo vya rangi ya kutu, mamia kwa mamia, na matone ya utomvu wa mwembe yaliyokauka. Nikadhani rangi imekufa. Bei ya kupiga rangi upya ilizidi hata ile ya kukodi.

Nikampigia mama mdogo, yuko Maskati na gari yake huisafisha mwenyewe. Nikampelekea picha. Akacheka. "Rangi haijafa, imeganda uchafu. Gari yenu inataka singo." Wiki ile ile akampa msafiri kipande cha udongo wa gari, kidogo kama sabuni ya kuogea, rangi ya buluu.

Msidhani ni udongo wa kufinyangia vyungu. Huu hutengenezwa kiwandani, unavutika kama unga wa chapati uliokandwa, na ndani yake mna chembe laini sana za kusugua. Asili yake ni huko huko Japan zinakotoka gari zetu. Kazi yake ni kung'oa vile vitu vilivyong'ang'ania juu ya rangi ambavyo maji na sabuni haviviwezi: utomvu, lami, vumbi la rangi ya kupulizia, na chembe za chuma. Hapo ndipo nilipoelewa vile vidoa vya kutu. Nyuma ya ukuta wetu kuna fundi wa mageti. Cheche za mashine yake ya kukatia vyuma huruka, zikatua juu ya gari zikiwa za moto, zikajishika kwenye rangi. Hewa yetu ya chumvi ikamalizia, zikaanza kutu. Gari yenyewe haikuwa inaoza. Ilikuwa imebeba kutu ya chuma cha watu.

Kwa anayetaka kujaribu, kazi inakwenda hivi. Weka gari kivulini, bati liwe la baridi. Mimi nilifanya baada ya alasiri. Ioshe kwanza vizuri kwa shampuu ya gari, mchanga wote utoke. Kisha ingiza mkono ndani ya mfuko mwembamba wa mkate na uupitishe taratibu juu ya rangi. Mfuko huo huufanya mkono uhisi hata chembe ndogo ambayo vidole vitupu haviihisi. Panapokwaruza ndipo penye kazi. Panapoteleza, paache.

Kata kipande cha udongo, ukikande mpaka kiwe laini, ukibonye kiwe bapa kama kitumbua. Changanya maji na matone machache ya shampuu ya gari kwenye chupa ya kupulizia. Rowesha sehemu ndogo, kama upana wa sinia la biriani, halafu telezesha udongo kwa mstari, mbele na nyuma, bila kukandamiza. Mwanzo utausikia ukikwaruza na kukwama. Endelea polepole, na ongeza maji. Utafika wakati sauti inakwisha na mkono unateleza wenyewe. Hapo pameshasafika. Futa kwa kitambaa laini cha maikrofaiba, utazame udongo wako: utauona umeingia weusi. Ukunje, ugeuze upande safi, uhamie sehemu nyingine. Vioo na boneti na paa, vyote hukubali. Rangi isiyo na mng'aro kwa asili yake, hiyo usiiguse.

Ukimaliza, lazima upake nta ya gari, maana udongo huondoa na ile nta iliyokuwepo, rangi ikabaki wazi. Si ndivyo tunavyofanya kwa bi harusi? Singo inatoa taka, kisha ngozi inapakwa mafuta. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Na mjue mipaka yake: mikwaruzo haitoi, kutu iliyokula bati haiponyi.

Siku mbili za mwanzo nilifanya vizuri, milango na paa vikateleza kama kioo. Ndani somo alikuwa akimsugua mdogo wangu kwa singo, nje mimi namsugua Corolla, na harufu ya liwa inatoka dirishani. Siku ya tatu, kwenye boneti, udongo uliniponyoka ukaanguka mchangani. Mama mdogo alikuwa ameshanionya: ukianguka, utupe, usiurudishe kwenye rangi hata kwa dawa. Lakini kipande kilikuwa cha mwisho na harusi ilikuwa keshokutwa. Nikausuuza, nikaukanda, nikaendelea. Tena nilikuwa na haraka na maji sikuongeza.

Nilipofuta nikaona mikwaruzo minne mirefu katikati ya boneti, kama paka amepita na kucha. Mchanga ulikuwa umezama ndani ya udongo. Nilikaa chini, nikalia. Sikulia boneti peke yake.

Kaka akaingia wakati ule. Akatoa salamu, akatazama boneti, akanitazama mimi. Nikangojea maneno. Akasema tu, "Ndiyo unasugua kama sufuria ya pilau?" Nikacheka huku nalia. Akakunja mikono ya kanzu, akachukua chupa ya kupulizia. Nikamwambia udongo umeharibika. Akaenda dukani kwa rafiki yake anayeuza vitu vya gari, akarudi na kipande kipya. Tukafanya upande wa bampa pamoja mpaka karibu na magharibi, yeye anarowesha, mimi natelezesha.

Hapo ndipo aliponiambia kwa nini alitaka gari iuzwe. Hakuwa na njaa ya pesa. Aliogopa kukaa na haki za watu. Katika Suratun-Nisaa Mwenyezi Mungu amezigawa hizo sehemu mwenyewe, na sisi tumezifungia chini ya mwembe miaka miwili kwa sababu mimi sitaki. Nikamwambia, "Lakini mama..." Na mama alikuwa barazani anatusikia. Akasema, "Mie sijapatapo kusema isiuzwe. Wewe ndiye uliyesema."

Kweli mashoga zangu, nilikuwa nimejificha nyuma ya machozi ya mama. Machozi yalikuwa yangu. Na huzuni, ingawa si dhambi, ikikaa muda mrefu bila kusafishwa huokota mambo mengine: dhana mbaya, maneno makali, kiburi cha kujiona wewe ndiye uliyempenda marehemu kuliko wenzako. Mwisho hujui tena huzuni ni ipi na uchafu ni upi. Nilimwomba kaka msamaha pale pale, mikono yetu imejaa povu.

Siku ya harusi, baada ya nikaha msikitini, Corolla ilisimama mlangoni inang'aa. Hakuna aliyeiona mikwaruzo, maua yalikuwa juu yake. Kaka aliendesha. Mdogo wangu alikaa nyuma pamoja na somo wake, na kaka akapiga honi mtaa mzima. Mama alisimama dirishani, amejifunika kanga mdomo. Pesa za mkopo hazikuchukuliwa, na bwana harusi hakuanza maisha na shemeji mwenye deni.

Mwezi uliofuata tukaiuza. Mnunuzi alikubali milioni 8 na laki 2. Kabla ya kupokea pesa kaka akamwita mbele, akamwonyesha mikwaruzo ya boneti, kwani haifai kumuuzia mtu kitu ukamficha aibu yake. Mnunuzi akapunguza laki 2. Zikabaki milioni 8: mama akapata thumni yake, milioni 1. Zilizobaki 7, kaka akapata milioni 3 na nusu, na sisi watoto wa kike kila mmoja milioni 1 na laki 7 na nusu. Zile laki 2 nilitaka kuwalipa wenzangu, kwa kuwa mikwaruzo ni yangu. Wote watatu wakasamehe.

Kwa hiyo bi harusi wangu unayeuliza gari ya kukodi: kama uwezo upo, kodi, ni halali yako. Kama ni wa kukopa, kwanza itazame ile ya nyumbani. Pitisha mkono juu yake. Huenda haijachakaa, imeganda uchafu tu. Na kama kuna ndugu mnayepeana salamu peke yake, mwite aje akushikie chupa ya maji. Udongo ukipita mkavu unachubua, na maneno ni vivyo hivyo.

Allah awarehemu wazee wetu waliotangulia, azibariki ndoa zetu na atusafishe nyoyo. Amin.

Wassalaam.